Marui Inaongoza kwa Afya Njema

Marui, Kisarawe,
2 Julai 1979.

Mpendwa mjukuu wangu Matano,

Shikamoo yako imefika, marahaba. U mzima? Mkeo Mwanamvua naye? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa? Hapa muhogo tumevuna, mbuzi kazaa mapacha, na baba yako kazi yake bado ni kwenda Kibaha na kurudi na maneno. Naandika kwa mkono wangu. Sikwenda kisomoni kucheza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema karatasi za wagonjwa wa matende wanaojaribiwa vidonge vipya zinaletwa kwako Mwanza uzijumlishe, na maswali yake ni wewe uliyeyatia Kiswahili. Unasema Marui inaongoza vijiji vyote kwa wagonjwa kuishi vizuri, na kwa kuwa wanavumilia hivyo, dozi itaongezwa mwezi ujao. Nilicheka, kisha nikakasirika. Miaka yote ile ya shule, Matano, na hicho ndicho ulichorudi nacho?

Bibi yako Biubwa, mdogo wangu, anayekupenda kuliko unavyostahili, ni mmoja wa hao wanaoongoza. Nikwambie anavyoongoza. Akimeza vile vidonge anatapika mpaka nyongo. Homa inampanda, mguu unamwaka moto. Tangu mwezi wa Rajabu uandame hajasimama kuswali, anaswali amekaa. Msiba wa mama Kondo tulimwacha nyumbani, mtu ambaye hakuna maiti ya mwanamke kijijini hapa aliyokosa kuiosha.

Sasa sikia karatasi yenu inavyojazwa. Nilikuwepo, naosha vyombo. Karani, Bwana Melkiori, mtu mzima mwenye mvi zake, alifika kutoka Kibaha akauliza kama mlivyomwandikia. Hali yako? Biubwa, macho yamemwingia ndani, akajibu njema, alhamdulillahi. Karani akatia alama. Umelalaje? Salama. Akatia alama. Kazi zako unafanya? Twajikongoja. Akatia alama kwamba anafanya. Halafu akamuuliza kama anapanda ngazi bila taabu. Ngazi, Marui! Bibi mzima apande ngazi akaezeke nyumba ya nani? Biubwa kwa adabu yake akasema ngazi haijapata kumsumbua. Alama nyingine hiyo, nanyi huko mkafurahi.

Karani alipoondoka nikamuuliza mdogo wangu mbona kaficha. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Dada, mgeni kanisalimu, nimtapikie?"

Basi hivyo ndivyo mlivyopima, nyie wasomi. Mmeokota salamu za watu mkazijumlisha. Mzungu aliyetunga maswali namsamehe, yeye hatujui sisi. Wewe umekulia mgongoni kwa huyo Biubwa. Hujui kwamba mtu wa huku hata akiwa anakata roho ataitikia njema? Wewe sikusamehe.

Jumatatu iliyopita nilimrudisha Bwana Melkiori. Nikamwambia funga hiyo karatasi, kaa mkekani, kunywa uji, subiri. Salamu zikaisha, uji ukaisha, ndipo Biubwa akaanza kusema. Akasema mpaka mzee wa watu akavua miwani. Nikamwambia haya, andika sasa. Akaigeuza karatasi mbele na nyuma.

"Mama, hapa hapana nafasi ya maneno."

Ndiyo maana nimeyaandika mimi. Vidonge vya Biubwa viko kwangu ndani ya kopo, hamezi hata kimoja mpaka daktari wenu aje amwone kwa macho yake. Na hiyo dozi ya kuongezwa isitie mguu Marui. Wako wengine kumi na mmoja hapa, nao wote wamejibu njema. Ukiwaua kwa hesabu zako, usije kwangu kula.

Nisalimie Mwanamvua, mwambie ubuyu wake naukausha. Baba yako anakusalimu, na shangazi yako Mboni, na mzee Mbaraka aliyekufundisha kusoma, ambaye sijamwambia habari hizi nisimtie aibu. Mungu akulinde, akupe akili zitoshane na vyeti vyako.

Bwana Melkiori amekubali kuitia barua hii ndani ya bahasha ya karatasi zenu. Ikifika mezani kwako usiiweke kando eti ya nyumbani. Ijumlishe.

Akupendaye, na hasira zake,
Bibi yako Mwanahalima binti Mfaume.