Maji ya Mpera Si Kombe

Kau, karibu na Kipini
9 Agosti 1959

Mpendwa mdogo wangu Jaafar,

Assalaam aleikum. Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo tulivyolelewa. U hali gani, na wifi yangu Mashavu hajambo? Sisi huku tu wazima. Mtoto mchanga ananyonya vizuri, nami bado nimo ndani ya arobaini, nakandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu.

Basi. Nimeshakusalimu, sasa nisikilize.

Jirani yetu Chande amerudi jana kutoka huko kwenu Mombasa. Nilipomuuliza habari za mwanangu Salama akaanza kunihadithia mambo ya njiani. Nikambana mpaka akasema. Zile sindano kali za uvimbe wa taya zimemchoma kinywa tena, vidonda vitupu toka midomoni hadi kooni, hata uji haupiti. Na daktari amezisimamisha mpaka kinywa kipone. Uvimbe haungoji, Jaafar! Uliuona ulivyokuja mbio mwanzoni.

Sasa ile chupa niliyompa Chande safari iliyopita ilikuwa ya nini? Maji ya majani ya mpera, nimeyachemsha mwenyewe na chumvi kidogo, nikayachuja kwa kitambaa safi. Wewe mwenyewe ulimuuliza daktari, akakubali, mradi mtoto asukutue na kutema, tena aanze kabla ya sindano, asingoje vidonda. Chande anaapa aliwaambia hivyo hivyo mlangoni.

Mkafanya nini? Mkaona maji ya manjano yametoka kwa mama mtu, mkasema ni kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa. "Kombe halitemwi, ni dhambi," akasema Mashavu, akamnywesha. Mtoto akatapika. Ndipo mkaipandisha chupa juu ya kabati, kando ya msahafu, mkaiheshimu! Chupa inapata thawabu, mwanangu anaungua. Na tangu lini kombe likanuka mpera?

Mashavu simlaumu sana, alimwogopa Mungu. Nakulaumu wewe. Ulimsikia Chande kwa masikio yako mawili, ukanyamaza kwa sababu hutaki kubishana na mkeo. Utotoni ulikuwa ukibishana hata na kuku. Ulimi umekuishia wapi?

Chande ameniletea neno la Salama pia: "Mwambiye mama kanwa laniwaka." Niliposikia hivyo maziwa yalinitoka kifuani, na mchanga amelala. Hasira hasara, najua, lakini leo niache nikasirike.

Chupa hiyo imwage, maji yameshachacha. Mpera uko nyuma ya nyumba yenu, nimeuona mwenyewe, wala huhitaji kungoja kitu kutoka Kau. Ila sasa vidonda ni vibichi, kwa hiyo kamuulize daktari kwanza kama majani yanafaa au maji ya chumvi peke yake. Kamuulize leo. Na chochote atakachosema, mtoto atatema.

Mama mkwe, Bi Mwanasha, anasema mzazi hatoki kabla ya arobaini kutimia, na kwamba nitapigwa na upepo mbaya mimi na mchanga wangu. Nimemjibu kwa adabu kuwa nitatoka. Mohdhar amekwisha tafuta mtumbwi wa kutufikisha Garsen, na huko tutapanda lori. Mume wangu huyo hana maneno mengi, lakini yeye akinyamaza anakuwa anafanya kazi.

Bi Nana na Buya wa hapa nyumbani wanawasalimu nyote. Msalimie Mashavu, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali.

Mwenyezi Mungu awalinde nyumbani mwenu na amponye Salama. Mwambie mama yake yuko njiani. Akiuliza mbona mama amekawia hivi, mjibu wewe, mjomba wake, ambaye hukuniandikia hata neno.

Dada yako akupendaye hata leo,
Mwanaarusi