Ndizi za Mama Mkwe na Kiuno cha Theopista

Mama Elifuraha, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla sijaaibika mbele ya ukoo mzima, maana Krismasi hiyo inakuja, watu wote watapanda kijijini Marangu, na mama mkwe hasemi na mimi.

Mimi na Theopista tumeolewa na ndugu wawili, mimi kwa mkubwa, Kornel, yeye kwa mdogo, na zamani tuliishi wote kwenye kihamba cha baba mkwe, shamba lake la migomba na kahawa, majani ya ng'ombe tulikata pamoja, maji tulichota pamoja, ila bei ya kahawa ilipoanguka Kornel akafungua duka mjini tukahamia Njoro, ng'ombe wangu nikamwachia Theopista, na sasa nakaa dukani kutwa, jioni mume wangu ananirudisha na pikapu. Basi Agosti kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa wifi, tukavaa kitenge sare, fundi mmoja, mshono mmoja, halafu kanda ya video ikaja tukakaa wote kuangalia, jamani! Mimi nimejaa kioo kizima, Theopista anapita kama msichana wa kwaya, na Kornel bila haya akasema, "Huyu shemeji hazeeki," akarudisha kanda nyuma aangalie tena. Akarudisha nyuma, Mama! Roho iliniuma nikatoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Kuanzia hapo nikaacha wanga, maana mteja mmoja aliniambia ndizi ndizo zinazonenepesha, nikaacha ndizi, ugali, wali, hata viazi, nikawa nakula nyama na mayai tu, na Jumapili tukienda Marangu nilikuwa nasukuma pembeni sahani ya machalari, ndizi na nyama ambazo mama mkwe amezihangaikia tangu asubuhi, nakunywa mbege tu, kwa sababu pombe si chakula. Njaa inaniuma, kichwa kinauma, choo hakipatikani, nagombana na wateja, na nguo bado zinabana. Juzi mama mkwe akaweka mwiko chini akaniuliza mbele ya watu, "Mama Praygod, unaogopa nimekuwekea nini?" Nikainamia mbege yangu nikaendelea kunywa. Tangu hapo hanipakulii. Theopista ndiye anayekaa naye jikoni, anakula ndizi sahani imejaa, analamba na vidole, na hanenepi! Lazima kuna dawa anatumia na ananificha makusudi. Nimfanyeje huyu mwanamke?

Ninayeungua roho, Njoro.

MAMA ELIFURAHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa njaa, na pole kwa ile kanda. Mume wako alikosa adabu, na umwambie hivyo waziwazi, usimnunie. Kwa hayo mengine, kaa chini nikuseme.

Mbege inapikwa na nini, wewe mke wa Marangu? Si ndizi na ulezi? Ndizi umeikataa kwenye sahani ukaifuata kwenye kata ya kunywea, halafu unashangaa nguo zinabana! Na hiyo "mbege tu" yako naijua, haiishii kata moja, mimi mwenyewe nimeolewa huko huko mlimani, Kibosho.

Dawa ya Theopista umeniandikia mwenyewe. Ng'ombe wako anakatiwa majani na nani siku hizi? Nani anapanda kilima na mzigo kichwani wakati wewe unapanda pikapu? Mwenzako anakula ndizi na anazifanyia kazi. Hajakuficha kitu.

Kwa hiyo rudi kwenye chakula chako. Kula ndizi, kula ugali, ila usijaze sahani. Nusu yake iwe mnafu au mboga nyingine yoyote, weka maharage, kipande cha nyama kisicho na mafuta, ndizi zikae kwenye nafasi iliyobaki. Ukishiba, inuka. Mbege ni kata moja, siku ya Jumapili. Pikapu ibebe mizigo ya duka, wewe nenda na urudi kwa miguu. Kichwa kisipoacha kuuma, nenda hospitali. Na usitegemee maajabu Krismasi hii, mwili haukunenepa kwa wiki moja na hautapungua kwa wiki moja. Pasaka utaona kitenge kinavyokaa.

Sasa jambo kubwa. Mama mkwe wako anaamini unamwona mchawi. Unaelewa? Amekupikia tangu ulipoletwa bibi harusi, amekupa mtori wa ndizi ulipojifungua, leo unasukuma sahani yake mbele ya watu na hufungui mdomo kusema kwa nini. Ningekuwa mimi, ningelia.

Jumamosi hii, kabla ukoo haujapanda, nenda peke yako. Mwambie ukweli, kwamba ulikuwa unamwonea wivu Theopista na ukataka kiuno chake. Utaona aibu sana. Iache ikupate. Atakucheka, na akicheka ujue yameisha. Menya naye ndizi, na akikupakulia, kula mbele yake.

Halafu kamtafute Theopista bandani, uchukue mundu mkakate majani. Umejaza karatasi kumchukia, lakini jambo la kwanza uliloandika juu yake ni majani mliyokuwa mnakata pamoja. Umemkumbuka mwenzako, mwanangu, ndiyo maana inauma hivyo. Nenda na viatu vya shamba.