Kiboko aliponinyamazisha katikati ya bwawa

Jumamosi. Jua la kuchoma kisogo, mawingu hakuna. Niko na siri na nitaiweka hapa tu.

Wavuvi wa huku bwawa la Masinga hupiga kasia mpaka mikono inaota sugu. Mimi nikajiuliza, kichwa ni cha nini? Shule niliachia Form Two, lakini ni mimi nimesimamisha mlingoti kwa boti ya Anko Musyoka na kufunga turubai ya kuanika ndengu. Tanga hilo.

Anko alicheka, halafu akaacha kucheka. "Kyalo, leo ukirudi kwa kasia, huo mti nakata kuni. Na turubai yangu inarudi kwa ndengu."

Nikamwambia aanze kupika chai.

Asubuhi hewa ilikuwa imelala, mimi na binamu yangu Mutua tukaenda kutoa nyavu ng'ambo kwa kasia. Kurudi, upepo ukatusukuma vizuri, nikawa natukana kila mvuvi tunayempita. Katikati ya bwawa upepo ukakatika. Turubai ikaning'inia tu.

Mutua akashika kasia, meno yote nje. "Kapteni, tupige?"

"Guza hiyo kitu uone!"

Hapo kiboko akaibuka, karibu hata masikio nikayaona yakitikisika. Mutua akalaza kasia polepole. Huku kwetu kiboko akitoka, hupigi maji na hufungui mdomo.

Mimi. Kunyamaza.

Mwanzo niliwaza tu vile Anko atanicheka. Halafu mawazo yakaisha. Nikasikia maji yakilamba mbao. Nikasikia kiboko akipumua. Kwa ile miti mikavu iliyozama, ambayo nimeipita miaka yote, wale ndege weusi wanaovua samaki walikaa kila mmoja akiangalia kwake.

Ndipo wakaanza kugeuka. Wa mbali kwanza, kisha wa karibu, midomo yote upande mmoja, nyuma yetu kushoto.

Upepo. Ndege huuelekea unakotoka, na hawa walikuwa wameuona kabla yangu.

Nikavuta kamba bila sauti, nikageuza turubai. Ikajaa. Tukateleza mbele ya kiboko taratibu, kwa sababu tanga halipigi maji. Mutua hakucheka tena.

Anko alitungoja ufuoni, ametutazama muda wote. "Ulijuaje upepo unarudi?"

"Anko, si mimi niliuita?"

Akatikisa kichwa. Mlingoti umebaki.

Ukweli ni kwamba ndege ndio walinionyesha, na nilitamani ule ukimya uendelee kidogo. Jumatatu tunatoka tena. Sasa najiuliza, nitaweza kunyamaza bila kusimamiwa na kiboko?