Uliniachia Hoja, Hukuniachia Wosia

Mpendwa Tata, baba yangu,

Juma hili katika Torati tumefika kwa mabinti wa Selofehadi, nami nimeona nikuandikie kabla sijafungua kitabu, maana kila mwaka tukifika hapa hasira yangu huamka upya. Sitaki ilale. Nimezoea kuishi nayo.

Ulipotoka vitani nilikuwa darasa la nne. Tulikuona ukiondoka na mgambo wenzako, mwalimu wa shule ya msingi aliyezoea chaki akipewa bunduki, siku zile watu wa ng'ambo ya mto Kagera walipokuwa wakipita barabarani na magodoro kichwani na mbuzi nyuma. Mawe, mama yetu, alisimama mlangoni mpaka lori likapotea kwenye kona. Wenzako walirudi na redio, saa na vitenge vya Kampala. Wewe ulirudi na kitabu kinene kilichonuka kinyesi cha kuku.

"Uganda nzima uliona hiki tu?" Mawe alikuuliza.

Ukatueleza. Milimani karibu na Mbale mlipiga kambi jirani na watu weusi kama sisi ambao walikuwa Wayahudi. Utawala ule uliokuwa unaanguka uliwakataza kusali, wakaficha vitabu vyao popote walipoweza. Mzee wao mmoja alikificha hiki chini ya kiota cha kuku. Ulikaa naye alasiri nyingi mkisubiri amri ya kurudi. Alikufundisha kwamba Torati imegawanywa mafungu, fungu moja kwa kila juma, na mwaka ukiisha watu hurudi kwenye kuumbwa kwa mbingu na kuanza tena. Alikufundisha pia kusoma yale maandishi madogo yanayozunguka andiko, maneno ya marabi wa kale: mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anawapinga wote wawili. Siku ya kuagana akakupa kitabu. Alisema mmemrudishia Jumamosi yake, siku yao ya kusali.

Basi Jumamosi zetu nazo zikabadilika. Kazi ya shamba ikiisha ulitandika mkeka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba. Ulisoma Kiingereza chako cha misheni ya Kashozi, ukakigeuza Kiswahili, na Mawe akikunja uso ukageuza Kihaya. Kama tulikwenda sambamba na Wayahudi wa duniani sijui. Ulihesabu majuma kwa kalenda ya parokia.

Nakumbuka fungu la Nuhu. "Andiko linasema alikuwa mwadilifu katika kizazi chake," ulisema. "Kwa nini liongeze 'katika kizazi chake'?" Rabi mmoja alisema ni sifa: aliyekuwa mwema kati ya waovu, angeishi na wema ingekuwaje? Mwingine akasema ni lawama: angeishi zama za Ibrahimu asingehesabika.

"Nani alishinda?" nikauliza.

"Hakuna. Wamebishana karne na karne, na bado wanakaa ukurasa mmoja. Wewe wasemaje?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema Nuhu alikosea, hakuwaombea majirani zake. Ukakiweka kitabu chini, ukacheka. "Hilo nalo walishalisema. Kumbe tumezaa nshomile!" Nilijua watu huwaita hivyo Wahaya wanaojidai na elimu yao. Siku ile nililivaa jina lile kama nguo ya sikukuu.

Watu walisema, kama kawaida yao. Katekista alikusimamisha njiani: "Mwalimu, mmehama dini?" Ukamjibu, "Jumapili tunaonana kanisani. Jumamosi tunaandaa maswali." Hukuwahi kumjibu zaidi ya hapo.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni, kabla jina UKIMWI halijafika kwetu, waliuita Juliana, kwa jina la vile vitambaa vya magendo vilivyovuka mpaka baada ya vita. Ugonjwa ulipita kijijini nyumba kwa nyumba. Mawe alitangulia kufa. Nawe ulipoanza kukonda, waliokuwa wakija kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, uani kwetu wakaanza kusalimia kutoka barabarani, bila kusimama. Sikuwahi kukuuliza ugonjwa ulianzia kwa nani kati yenu wawili, na leo pia sikuulizi. Lilikuwa jambo lenu.

Ndipo katekista akasimama kanisani akasema huu ndio ukoma wa Torati umerudi, adhabu ya wenye dhambi. Jumamosi iliyofuata nilitaka turuke fungu la wakoma, ambalo kwa bahati mbaya ndilo lililokuwa la juma lile.

"Haturuki," ulisema. Sauti yako ilikuwa imebaki nusu. "Soma."

Nikasoma kwamba mgonjwa lazima apaze sauti atangaze kuwa ni najisi. Nikafunga kitabu. "Si unaona? Ni ili watu wakimbie."

"Soma maandishi madogo."

Marabi walisema anapaza sauti ili watu wajue maumivu yake, wamwombee. Na wengine wakasema ukoma ule uliwapata wasengenyaji. Hapo ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. "Kwa hesabu hiyo kijiji hiki kisingebaki na mtu mwenye ngozi!" Halafu ukanishika mkono. "Lakini ugonjwa wangu si ule. Usikubali mtu akupige kwa andiko. Na wewe usimpige mtu kwa andiko."

Nimejaribu, Tata. Sikuweza siku zote.

Kiangazi kilipofika tukafika kwa mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alikufa bila mtoto wa kiume. Walisimama mbele ya Musa wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike. Musa akalipeleka swali lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Marabi wakaongeza kwamba macho ya mabinti wale yaliona kitu ambacho macho ya Musa hayakukiona. Na kwamba jangwani wanaume ndio waliotaka kurudi Misri, wanawake waliipenda ile nchi ya ahadi. Ulisoma mara mbili. Wadogo zangu wawili walikuwa wanamenya ndizi pembeni. Hukuwa na mtoto wa kiume, sote tulijua, nikasubiri useme neno. Ukafunga kitabu, ukaomba maji.

Baba mdogo alipokuja kutoka visiwani, alikokuwa akinunua samaki, alikaa kando ya kitanda chako. "Kaka, habari ya kibanja, shamba hili na nyumba, umeshaipanga?" Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wako. Ulinitazama, Tata. Kisha ukageukia ukuta. "Ukoo unajua desturi," ulisema.

Uliniachia hoja. Hukuniachia wosia.

Tulikuzika kando ya Mawe, na matanga yalipoisha ukoo ukaketi uani. Baba mdogo achukue kibanja. Mimi niende kisiwani nyumbani kwake, nisaidie kukausha samaki mpaka nipate mchumba. Wadogo zangu wagawanywe, mmoja kwa shangazi, mmoja kwa bibi. Hakuwa mtu mbaya. Kaburini alilia kuliko wote. Desturi ilikuwa upande wake, naye aliegemea hapo.

Binti hasimami kwenye kikao cha ukoo. Nikasimama. Niliwasimulia habari za mabinti wale mwanzo hadi mwisho.

Mkuu wa ukoo akatikisa kichwa. "Mwanangu, sisi si Wayahudi."

"Mlipomzika Tata mlisoma maneno ya Musa juu ya kaburi. Musa ni Mhaya wakati wa kuzika tu?"

Mtu akacheka nyuma, akaziba mdomo. Baba mdogo akainua kidole. Naye utotoni alisoma katekisimu. "Endelea mbele basi. Mwishoni mwa kitabu hichohicho waliambiwa waolewe ndani ya kabila lao, ardhi isitoke."

Ilikuwa hoja nzuri, ungeifurahia. "Ni kweli, baba mdogo. Lakini hawakunyang'anywa. Na marabi walisema sharti lile lilikuwa la kizazi kile peke yake."

"Marabi gani?"

"Walewale aliowasoma kaka yako kila Jumamosi, wewe kila ukija ukinywa lubisi lake."

Walijadili mpaka jua likashuka. Wakasema tukae mpaka tutakapoolewa. Nikajibu, "Tutakaa," nikaishia hapo. Msimu wa kahawa baba mdogo alituma vijana wachume. Tulitoka mimi na wadogo zangu na vikapu, tukasimama kila mmoja kwenye mti ambao wao waliufuata, tukauchuma mbele yao. Jioni waliondoka na vikapu vitupu. Wadogo zangu waliolewa. Mimi niliolewa hapahapa, mume akanifuata kwangu, na ukoo ukasema kama kawaida yake. Miaka baadaye nilikwenda mahakamani Bukoba mjini, na kibanja kikaandikwa jina langu.

Sasa sikia. Baba mdogo alifariki mwaka jana. Wanawe wa kiume wamemwambia dada yao atoke kwenye shamba la baba yao. Alikuja kwangu akilia. Nilimtandikia mkeka, nikamsomea fungu la mabinti kwa Kiingereza, nikakigeuza. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuuliza: "Kabla ya kufa, baba yao aliwaambia nini?"

Andiko halisemi. Marabi nao wana mengi juu ya dhambi iliyomuua Selofehadi, lakini neno alilowaachia mabinti zake sijaliona popote. Nikakukumbuka wewe ukigeukia ukuta. Najua ulikuwa umechoka. Najua pengine uliogopa kwamba ukisema watatuchukia zaidi. Sijakusamehe kabisa, na ninakupenda kabisa, na yote mawili yanakaa ukurasa mmoja.

Kikao cha ukoo juu ya shamba lao ni kesho asubuhi. Nimesikia wazee wameniandalia kiti, nikae nao kwa heshima. Nitawashukuru, kisha nitakwenda kusimama kando ya binti yule.

Pumzika na Mawe, Tata. Migomba iliyo juu yenu inapaliliwa.

Binti yako wa kwanza,
mwenye kibanja