Kumbukumbu ya Kanali Bohdan Zawirski, Mtunza Bustani wa Edinburgh

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotutoka hapa Edinburgh, na bado hatujatulia. Mama ndiye kabisa. Anaingia chumbani, analivuta lile sanduku lako chini ya kitanda, analitazama, analirudisha.

Ulilifunga vita vilipokwisha. Uliongoza vifaru mpaka Ujerumani, kisha serikali mpya ya Poland ikakuvua uraia, ukabaki huku huna kwenu wala pensheni. Ukashika jembe kwenye bustani ya jiji. Hata hivyo, kila baridi ilipopungua ulimwambia Mama, "Ludwika, usinunue mapazia. Mwakani tunaondoka." Nimekua na magazeti madirishani badala ya mapazia.

Ulikuwa mpole kwa watu, mkali kwa magugu. Ulipopanda shibiti katikati ya mawaridi, msimamizi wako alikuja juu.

"Bo, majani gani haya?"

"Ya kutia kwenye viazi, bosi."

"Hii ni bustani ya maua, bwana!"

"Basi subiri. Nayo yatatoa maua."

Baadaye alikuja mwenyewe kuomba ya kwake.

Jumapili askari wako wa zamani walikuja kung'oa magugu bila kuitwa. Sajini Kocur hakuwahi kuketi mbele yako kabla hujamwambia, "Kaa, bwana wee, vita vimekwisha."

Sisi kaburi tunaliacha mwaka mzima udongo ushuke, ndipo tunaweka jiwe. La kwako wamelichonga watu wa jiji, zuri kweli, limeandikwa "Mwana wa Edinburgh." Mama akagoma.

"Wakimwekea jiwe, si ndiyo wamemfunga hapa?"

"Mama, amekufa! Anakwenda wapi?"

Jumamosi lilipoletwa, fundi akaanza kuchanganya saruji. Mama akaenda kusimama katikati yake na kaburi.

"Hakuna saruji hapa."

"Mama, upepo wa huku unaujua," fundi akasema. "Litaanguka."

"Lianguke."

Fundi akanitazama mimi. Nilikuwa nalia. Ndipo Sajini Kocur akasogea na mkongojo wake.

"Afande alikuwa na safari," akamwambia. "Likianguka tutaliinua sisi."

Kwa hiyo limesimama hivyo hivyo, limeinama kidogo, na Kocur na wenzake wanapokezana kuja kulinyoosha. Wiki hii limeanguka mara moja. Mama alicheka, Baba. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu uondoke.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ludwika. Mimi bintiyo Halszka na mkweo Murdo. Mjukuu wako Ewunia, asiyekula viazi visivyo na shibiti. Na askari wako waliobaki.

Hatutakusahau kamwe. Sanduku liko tayari, na jiwe halina saruji. Siku njia ya kwetu itakapofunguka, tutakuja kukuchukua.