Dumu la Reverien na Usalama wa Aline

UMOJA WA WALEZI WA WANACHUO, KASULU
KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumatatu, 9 Juni 2025
Mahali: Sebuleni kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Bi. Ernesta Niyubahwe (Mwenyekiti), Bw. Tharsisi Nkunzimana (Katibu), Bw. Stanislaus Philemon (Mjumbe), Mwl. Saady (mshauri wa wanachuo, mwalikwa), Aline Ndayikeza (mwanachuo, mwaka wa pili).

Hakuhudhuria: Bw. Nathaniel, yuko Buhigwe. Alituma salamu na kuuliza kama dumu limebaki na kitu.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 12:30 asubuhi, akaeleza kwamba Aline ana mtihani saa 2:30, hivyo hadithi za Katibu za Burundi zisubiri. Katibu hakupinga.

KUMB. NA. 2/6/2025: DUMU
Mwenyekiti alieleza kwamba Aline alihamia kwake wiki mbili zilizopita, baada ya kupigwa mara ya tatu na mchumba wake Reverien, fundi simu wa Kibondo. Jana, baada ya ibada, wajomba wa Reverien walileta dumu la pombe ya ndizi kuomba radhi. Bw. Stanislaus alilipokea, wajumbe wakanywa. Sasa Reverien amemwandikia Aline kwamba wazee wamekubali, na asubuhi hii atamsubiri kwenye lango la chuo amrudishe Kibondo.

Bw. Stanislaus alieleza kwamba kwa desturi, aliyekunywa pombe ya radhi hawezi tena kukataa.

Mwenyekiti alijibu: "Wewe mzee ulikunywa vikombe vinne. Nenda ukaolewe wewe!"

Bw. Stanislaus aliomba isahihishwe: vilikuwa vitatu.

Katibu alikiri kunywa, kwa kuwa ladha ile ilimrudisha nyumbani kwa baba yake, alikotoka mwaka 1972. Alifafanua hata hivyo kwamba kule kwao pombe ya radhi huanzwa na aliyekosewa. Wengine wakimtangulia, hiyo ni pombe tu.

Katibu alimuuliza Aline kama alikunywa. Alijibu: "Babu, sikuonja hata tone. Na hata ningemaliza dumu zima, sirudi."

Mwenyekiti aliamua kwamba sentensi ya pili inatosha, desturi isiandikwe kuwa sababu. Katibu ameiacha hapo juu kwa ajili ya kumbukumbu tu.

KUMB. NA. 3/6/2025: USALAMA
Mwl. Saady alimuuliza Aline anataka nini. Alijibu kwamba anataka kumaliza mitihani, na asionane na Reverien peke yake, hata kwa "maongezi ya mwisho".

Iliazimiwa kwamba ujumbe wa Reverien usifutwe, kwani ni ushahidi. Aline atumie simu nyingine, maana ya sasa aliitengeneza Reverien na huenda anaifuatilia. Walinzi wa lango wapewe picha ya Reverien. Na baada ya mtihani Mwenyekiti amsindikize Aline hadi dawati la jinsia la polisi, kama alivyoomba mwenyewe.

Bw. Stanislaus aliagizwa kuwapigia wajomba papo hapo, wote wakisikia. Alisema: "Ndugu zangu, pombe ilikuwa nzuri sana. Binti harudi." Wakauliza nani kaamua. "Kaamua mwenyewe."

KUMB. NA. 4/6/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 1:35 ili wote wamsindikize Aline. Aline alilalamika kwamba wenzake watadhani ni harusi. Ilikubaliwa wawili watembee naye, wawili wafuate nyuma kama hawajuani.

Nyongeza ya Katibu: Reverien alikuwepo langoni, walinzi wakamwondoa. Aline aliingia mtihani saa 2:20. Alipotoka alilalamikia swali la tatu tu.

E. Niyubahwe, Mwenyekiti
T. Nkunzimana, Katibu