Kona ya Mdomo wa Dada

Jumatatu, 2 Juni

Bibi Miwani wa galari amekuja mwenyewe. Kapanda ngazi zote na viatu vyake vya visigino, akazipitia picha zangu kumi na moja kama mtu anayechagua nyanya. Soko, mvua, watoto na mpira. Hakusimama popote. Nikajua basi tena, nimekwisha.

Halafu akaiona ile niliyoianza wiki iliyopita, imeegemezwa ukutani, mkaa tu na rangi kidogo. Uso wa Dada. Akavua miwani. Sijawahi kumwona akivua miwani! Akasema nikimaliza hiyo, ukumbi ni wangu tarehe ishirini na nane. Nisipoimaliza, nisijisumbue kuleta zile nyingine.

Nina miaka hamsini na mbili. Thelathini kati ya hiyo nimechora mabango — saluni, bucha, fundi viatu. Kazi yangu inayojulikana kuliko zote mji huu ni USIKOJOE HAPA, herufi nyekundu kwenye ukuta wa stendi. Na wanakojoa vilevile. Sitaki kufa bila maonyesho hata moja.

Sasa huo uso. Dada alipigwa na kiharusi mwezi wa pili. Mguu umerudi, mkono umerudi nusu. Shavu la kushoto lilianguka, na kona ya mdomo ikaanguka nalo. Aliniamuru nitoe vioo vyote nyumbani, nikatoa. Tangu siku hiyo anafunika upande huo kwa mtandio, hata akiwa na mimi tu, mdogo wake aliyemfuta makamasi utotoni.

Nimemwambia nachora upande wa kulia peke yake. Yeye anauita upande wa harusi. Mtandio nimemvua kwa ujanja: nimesema unatia kivuli kwenye upande mzuri. Kaamini. Kumbe nachora uso mzima.

Kila nikiweka brashi chini ananiuliza, umenimaliza? Anacheka kwa nusu ya mdomo. Ndiyo mzaha wetu. Namjibu, bado, kukumaliza wewe ni kazi.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimefanya jambo. Naliandika kwa kuwa daftari hili halina msomaji.

Daktari wa mazoezi huja Jumatatu na Jumatano. Binti mdogo, mikono ya mfinyanzi. Anamkanda Dada shavu, anamwambia ajaze upepo mdomoni, aseme pa, ba, ma. Miezi mitatu herufi za midomo zimekuwa zikimtoka kama pumzi tu. Leo Dada kasema "baba", na ikasikika baba. Kona ya mdomo ikapanda, kidogo, upana wa punje ya mchele. Daktari akapiga makofi. Dada akalia.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na brashi mkononi. Nikaitazama kona, nikaitazama picha. Nikakasirika. Inapanda, na mimi sijaichora!

Nikamsindikiza daktari kwenye ngazi. Nikamwambia asije kwanza, Dada anasafiri kesho kwenda kupumzika kwa shemeji yangu. Akauliza anarudi lini. Nikasema tutakupigia. Akasimama ngazi ya tatu, akanitazama kutoka chini. Akasema, kaka, huu ndio muda wake. Mdomo ukizoea kukaa vibaya haurudi tena. Nikasema shemeji analijua hilo.

Shemeji, mume wa Dada, alikufa miaka tisa iliyopita.

Kwa Dada nimesema daktari yuko likizo. Kasema haya, naye ni mtu, apumzike.

Jumamosi, 7 Juni

Nimenunua kioo kikubwa, nimekitundika ukutani nyuma yangu chumba cha kuchorea. Bila kioo siwezi kazi hii. Ukiitazama picha sana, jicho linaizoea na makosa yake. Ukigeuka ukaiona ndani ya kioo, kinyumenyume, kosa linakurukia. Leo nimeona pua imehama nusu kidole. Nimeikwangua, nimeanza upya.

Nilimwonya Dada kuwa kuna kioo humo, akipita ageuze uso. Kasema, mimi nikiketi naketi, macho yangu yako kwako.

Kona haijapanda zaidi. Nadhani imesimama.

Alhamisi, 12 Juni

Imeshuka! Imerudi palepale. Mungu anisamehe, nilipoiona leo asubuhi nilipiga mluzi.

Mate yalimtoka kidogo, akanyoosha mkono achukue leso. Nikasema, Dada, tulia hivyohivyo. Akatulia. Mate yakashuka mpaka kidevuni, yakang'aa. Nikayachora. Nyeupe kidogo, kijivu kidogo, tone moja la njano. Dakika ishirini hakujifuta.

Nimekumbuka kitu ambacho sikutaka kukikumbuka. Dada aliacha shule ili mimi niende. Alishona sare za watoto wa wenzake. Chaki yake ya kushonea ndiyo iliyokuwa kalamu yangu ya kwanza. Siku moja nilimchorea cherehani chote, juu mpaka miguuni. Alinichapa kisawasawa. Kesho yake akarudi na kalamu za rangi, kumi na mbili kwenye boksi, akazitupa mapajani mwangu.

Siku hizi haongei sana. Macho yake yananipita begani, yanaganda huko nyuma kwenye kitu. Sijui anaona nini. Lakini ni macho mazuri kuliko yote niliyowahi kuchora, na nimeyachora hivyohivyo.

Jumatano, 18 Juni

Imekwisha.

Nimeweka jina langu chini kulia, na tarehe. Hiyo tabia ya mabango imenikaa kwenye damu. Bango lazima uliandike tarehe, la sivyo mteja atakuja na lililokaa miaka mitatu juani aseme ni la mwezi jana na limeshabanduka.

Dada akauliza, umenimaliza?

Nikasema nimekumaliza.

Hakucheka. Akaomba kuona. Nikasema rangi bado mbichi. Akatazama kulekule nyuma yangu, akasema sawa, mdogo wangu. Akajifunga mtandio mwenyewe, kwa mkono ule wa nusu. Ilimchukua muda mrefu. Sikumsaidia, nilikuwa naosha brashi.

Ijumaa, 20 Juni

Vijana wa galari wamekuja kuichukua. Nimewaambia waibebe imefunikwa. Dada alikuwa sebuleni. Ilipopita mbele yake akasema taratibu jamani, mtaniangusha. Vijana wakacheka. Nami nikacheka.

Jumamosi, 28 Juni

Ufunguzi ulikuwa alasiri. Dada sikumpeleka. Nilimwambia ukumbi una ngazi nyingi. Hauna hata moja.

Watu walijaa. Picha kumi na moja zikatazamwa na ukuta. Wote walikuwa mbele ya moja. Mwandishi wa gazeti alikaa pale nusu saa, akaniambia siri ya picha hii si mdomo, ni macho, huyu mama anatazama kitu kinachomwumiza na hataki kugeuka. Akaniuliza alikuwa anatazama nini. Nikajibu kama msanii: maisha. Akaandika! Bibi Miwani akanivuta pembeni. Anataka mbili zaidi kabla ya mwezi wa tisa. Mwanamke yuleyule, kasema, na mdomo uleule.

Nilikuwa na furaha. Niseme kweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha nikamwona daktari wa mazoezi. Kumbe tangazo la maonyesho, lenye uso wa Dada, limebandikwa mpaka kwenye geti la hospitali. Hakuwa anatazama uso. Alikuwa ameinama chini kulia, pua karibu iguse kanvasi. Akasoma kwa sauti, kumi na nane Juni. Akanigeukia. Akauliza, alichorwa huko kwa shemeji?

Njia ya mwongo fupi, na yangu nimeipaka rangi kwa mkono wangu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinyoosha kidole kidogo kuelekea kona ya mdomo, bila kugusa, akakipandisha upana wa punje ya mchele. Akasema, mimi niliuacha hapa. Halafu akasema Jumatatu saa tatu atakuja, na nisipofungua atagonga mpaka majirani watoke.

Bibi Miwani akaniuliza yule ni nani. Nikasema shabiki.

Jumapili, 29 Juni

Nilimwandalia Dada chai nikamweleza habari njema tu. Watu walijaa. Gazeti limekuja. Galari inataka picha mbili zaidi zako.

Akanywa. Chai ikamtoka upande wa kushoto, akajifuta polepole. Akauliza, mdomo uleule?

Sikuwa nimetaja mdomo.

Nikamwambia mbona unauliza hivyo. Akasema, kile kioo chako, mdogo wangu, wewe ukigeuka unaiona picha. Mimi nimeketi mbele yake naiona bila kugeuka. Kila siku. Nilikataa vioo vyote nyumba hii, ukaniletea kimoja kinachonionyesha polepole, leo pua, kesho shavu, kesho kutwa mate.

Kioo ndicho alichokuwa anakitazama. Alikuwa anajiona.

Akaendelea, bila hasira, kama anayesoma vipimo vya nguo. Kiharusi hakikuchukua masikio, kasema, ule mlango wa ngazi ni ubao mwembamba. Na huko ulikonisafirisha nimefika. Shemeji yako marehemu anakusalimu.

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kuketi. Kwa nini hakusema siku ileile! Nilifoka, mimi, tena mimi ndiye niliyefoka.

Akasema alitaka kuona nitafika wapi. Siku ya kwanza alidhani nitaona haya. Siku ya pili akasema kesho. Siku ya mate akajua. Akasema, kila jioni nilikuuliza umenimaliza? Wewe ulidhani nauliza picha.

Asante ya punda ni mateke, najua. Hakunitamkia methali hiyo. Angenitamkia ningejitetea. Jicho langu tayari lilikuwa linapima kivuli kilicho chini ya mdomo wake. Naona haya kuandika hivyo. Lakini kilikuwa kivuli kizuri, kimeingia bluu.

Jumatatu, 30 Juni

Saa tatu kasoro dakika kumi.

Nilipoingia chumba cha kuchorea nilimkuta tayari kitini. Kajileta mwenyewe, kashika ukuta. Hana mtandio. Kanvasi mpya iko kwenye stendi ya kuchorea, nimeiweka jana jioni. Kioo kiko mahali pake. Kona ya mdomo iko mahali pake.

Nikamwambia Dada, daktari anakuja. Kasema najua, nimemsikia akiongea na jirani huko chini tangu saa mbili na nusu. Masikio.

Sikujua nifanye nini na mikono, nikachanganya rangi. Kahawia, nyekundu kidogo, bluu kidogo ya jana. Imetoka sawasawa mara ya kwanza. Haijawahi kunitokea.

Anagonga.

Dada hageuki. Ananitazama ndani ya kioo, si mimi, mgongo wangu. Kasema, utafungua, au unanimaliza kwanza? M ile haikutoka vizuri. Siku ile ya "baba" ingetoka.

Anagonga tena. Mlango wa majirani wa chini umefunguka, nasikia kandambili zao. Nimeshika kalamu hii badala ya kitasa. Brashi iko kushoto kwangu, mlango uko kulia. Mwanga umefika kwenye shavu la Dada, palepale ninapoutaka, na huwa haukai zaidi ya robo saa.